Kwaresima ya Kapita

Harufu ya kapenta inayochemka bila chumvi si harufu ambayo mtu anaitafuta kwa hiari. Visamaki vile vidogo vikavu, ukivikaanga na nyanya na kitunguu, jirani atasukuma lango aje kuuliza habari za watoto ambao hajawahi kuwajali. Lakini ukichemsha vichwa vitupu ndani ya maji ya mchele, bila mafuta, bila chochote, kiwanja kizima kinanuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Harufu hiyo ikinipata leo, popote nilipo, ninarudi kwenye jiko letu la nje kule Katuba, mtaa wa watu wa kipato kidogo. Nina miaka kumi, nimechuchumaa mbele ya makaa, na roho iko juu kwa sababu ya mbwa mdogo ambaye sijui kama ataiona Pasaka. Nilisoma mpaka darasa la tano tu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Kumbukumbu ninayo, na majina ninayo, na majina nitayataja. Wenyewe walikuwa na miaka mingi ya kuniomba msamaha, wakaitumia kwa mambo mengine.

Mwaka huo mama alikuwa amepanda treni kwenda Kongolo kumuuguza bibi, na katika nafasi yake akaja kututawala Tantine Adèle, dada mkubwa wa baba. Tantine alikuwa mwanamke wa parokia, wa rozari shingoni na nyingine ya akiba ndani ya kibeti, na aliingia nyumbani kwetu kama mtu aliyetumwa kukagua. Baba alifanya kazi kwenye reli. Akirudi jioni alitaka maji ya kuoga, bukari, yaani ugali, ya moto na kimya. Mtu wa tatu ni Alphonse, mdogo wake baba, ambaye kwa heshima nilipaswa kumwita baba-mudogo, na nilimwita hivyo mpaka Ijumaa Kuu ya mwaka ule. Alilala katika chumba kidogo kilichoshikana na jiko, akitafuta kazi. Alikuwa ameitafuta muda mrefu sana kwa mtu ambaye hakuwa akiamka kabla ya saa nne.

Mbwa alitoka kwa jirani yetu, Papa Donatien, aliyekuwa mpishi katika nyumba moja ya watu wenye mali kule Golf. Jike la mbwa la bosi wake lilizaa watoto saba, naye akamletea baba mtoto mmoja ndani ya katoni ya maziwa ya unga, kwa sababu wezi walikuwa wametubebea sufuria mbili uani. Alikuwa wa rangi ya udongo, na mguu mmoja mweupe, na alitutazama mmoja mmoja kwa uso wa msimamizi aliyekuta kazi haijaanza. Ndiyo maana tukamwita Kapita. Papa Donatien akaeleza chakula chake: wali uliopondwa na nyama ya kusaga, maziwa kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Baba alikuwa anavua viatu. Akaacha kimoja mguuni.

"Nyama mara tatu ku siku," akasema. "Na miye mwenye kutumika ku reli, nakulaka mara ngapi?"

"Papa, miye nasema tu vile iko inakula kule."

"Kule ni kule. Hapa iko Katuba."

Kisha akanitazama na kutoa hukumu. Mbwa atakuwa mikononi mwangu mpaka Pasaka. Akinenepa na kupata nguvu, atabaki. Akibaki mifupa, Donatien atamrudisha alikomtoa, na huko, Donatien mwenyewe alituambia, bosi hakutaka kuona tena hata mmoja. Wale wasiopata mtu wa kuwafuga watapelekwa kwa daktari wa wanyama wapigwe sindano. Baba hakunificha. Nilimbeba Kapita kwenda jikoni, na yeye akanikojolea.

Ingekuwa rahisi kama tungekuwa katika mwezi mwingine. Lakini siku tatu kabla tulikuwa tumepakwa majivu. Tantine Adèle alikuwa ameamua kwamba Ijumaa peke yake haitoshi. Kwa siku zote arobaini nyama haitavuka kizingiti chetu, kwa ajili ya bibi mgonjwa. Tulikula bukari na lengalenga, ule mchicha, kesho yake bukari na sombe ya majani ya muhogo, siku ya tatu maharagwe, na Jumapili kapenta. Nilipomuuliza kuhusu mbwa, hakuinua hata macho kutoka kwenye majani aliyokuwa anachambua. "Mu nyumba ya bakristu," akasema, "kila kitu yenye kupumua inafunga." Basi Kapita, ambaye hakuwa amebatizwa, akawekewa bukari baridi na lengalenga. Alinusa, akanitazama, akaenda kulala ndani ya kiatu cha baba.

Alphonse naye alikuwa na elimu yake, na hiyo wengi wa kwetu mnaijua, msijifanye kushangaa. Ni ile ya kumlisha mbwa pilipili ili awe mkali. "Mbwa ya kushiba inalala," aliniambia. "Mupatie pilipili, utaona." Sikumpa. Alimpa yeye, nilipokuwa shuleni: pilipili mbichi tatu, zile ndogo zinazomtoa machozi hata mtu mzima, amezisaga ndani ya donge la bukari lenye mafuta juu ili lipite. Nilirudi nikamkuta Kapita anapiga chafya, anasugua pua kwenye vumbi, anakunywa maji ya ndoo ambayo Tantine aliyaweka ya kuoshea vyombo. Siku tatu tumbo lake liliharibika. Nilifagia jiko mara nyingi kuliko nilivyofagia maisha yangu yote mpaka hapo, na siku ya tatu hakusimama tena. Alilala ubavu, ulimi nje, mbavu zinahesabika. Alphonse alikuja mlangoni na kijiti cha meno mdomoni, akamtazama kama fundi anayetazama ukuta wake. "Voilà," akasema. "Ukali inaanza kuingia."

Nilikimbia kwa Papa Donatien, nikamkuta anapiga pasi kofia yake ya upishi. Nilimweleza nikilia. Hakucheka. Aliniambia tumbo ya mutoto wa mbwa iko sawasawa na tumbo ya mutoto wa muntu: mtu hampi mtoto mchanga pilipili, wala hampi bukari ngumu. Kwanza maji ya mchele, kijiko kwa kijiko. Kisha wali laini na samaki kidogo, aliyechemshwa bila chumvi, mifupa imepondwa. Kidogo kidogo, mara nne. "Na usiseme ku muntu," akamaliza, "juu kila muntu atakufundisha yake."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu na harufu yangu. Vichwa vya kapenta Tantine alikuwa anavikata na kuvitupa, kwa hiyo sikuiba. Mchele niliukusanya chini ya meza ya mwanamke aliyeuza karibu na shule, punje zilizomwagika, nikazipepeta. Nilipika alfajiri na nilipika baada ya shule, nikapepea moshi kwa daftari la hesabu, na hesabu zenyewe zikaendelea kuharibika. Siku ya pili Kapita alilamba kidole changu. Siku ya nne alisimama. Wiki iliyofuata alibweka kwa mara ya kwanza, akajishtua mwenyewe na kukimbilia chini ya kitanda.

Halafu akaanza kunenepa. Hapo mimi mwenyewe sikuelewa. Vichwa vya kapenta vinaweza kumponya mbwa, haviwezi kumfanya awe na shingo kama ya diwani. Lakini alinenepa, manyoya yakang'aa, tumbo likagusa chini akiteremka ngazi moja ya jiko. Tantine Adèle alipoona hivyo aliita wamama wenzake wa parokia. Walikuja sita, baada ya misa, na vitenge vyao vya sare, wakasimama uani kumtazama mbwa anayefunga. Tantine akawaonyesha kwa kidole: "Bukari na lengalenga, na sala. Hakuna kingine." Wakapiga makofi taratibu kama mtu anavyopiga akiona neema. Mama Véronique, aliyekuwa na dume kubwa la kulinda duka, akaenda kulilisha vilevile siku hiyohiyo. Dume lile lilivumilia siku tano, kisha likahamia kwa jirani Mprotestanti, na halikurudi hata baada ya Pasaka.

Alphonse naye alipata sifa zake. Yeye ndiye aliyefunga kuliko wote mwaka ule. Mezani alikuwa anasukuma sahani kwa unyenyekevu, anasema imetosha, kisha kila jioni anavaa koti lake jeusi kwenda kanisani kusali, anarudi baada ya saa moja, uso umetulia. Tantine alisema kwa sauti kwamba mwanamume akikosa kazi Mungu anampatia kitu kingine. Wakamchagua abebe msalaba siku ya Ijumaa Kuu.

Siku ya Jumatano kabla ya hapo, Tantine alikuwa anafagia jikoni, akainua katoni ya Kapita, ukadondoka mfupa. Ulikuwa mfupa wa mbuzi, umechomwa, bado una mafuta. Aliushika kwa ncha za vidole, akaniita kwa majina yangu yote mawili.

"Umeiba hii nyama wapi?"

"Siyaiba, Tantine."

"Basi mbwa ndiyo ilienda ku soko?"

Niliapa. Niliposema habari za vichwa vya kapenta ili kujitetea nikazidi kujiharibia, kwa sababu sasa nilikuwa mtoto anayepika kwa siri, na anayepika kwa siri anaiba kwa siri. Alphonse alikuwa amesimama palepale. Alisema, "Batoto ba leo," akatikisa kichwa. Tantine aliponipeleka kupiga magoti kwenye changarawe, ni yeye, nasema ni yeye Alphonse, aliyemkumbusha kwamba magoti peke yake ni kidogo, nishike na jiwe juu ya kichwa. Nilishika. Baba aliporudi aliambiwa kwamba nimemfundisha mbwa wizi, na kwamba bibi hawezi kupona katika nyumba kama hii. Baba alikuwa amechoka. Akasema basi, Ijumaa Donatien atakuwepo kwenye njia ya msalaba, mpeni mbwa wake.

Kwa hiyo siku ile nilitembea katika umati wa watu wote wa mtaa nikiwa na Kapita ndani ya kitenge, amefungwa kifuani kama mtoto, na Papa Donatien akitembea mbele yangu na mikono nyuma, bila kugeuka, kwa sababu naye hakutaka. Vituo viliwekwa kwenye malango ya nyumba kando ya barabara. Kwenye kila kituo tulipiga magoti vumbini, na magoti yangu hayakuwa yamepona. Alphonse alikuwa mbele na msalaba begani, ndani ya koti jeusi, anatoka jasho vizuri kabisa. Wanawake walikuwa wanamwonea huruma. Tulipofika kituo cha tatu, pale Yesu anapoanguka mara ya kwanza, Alphonse alianguka kwa magoti yote mawili, na mfuko wa koti lake ukashuka ukalingana na pua ya mbwa. Mimi nilikuwa nimelegeza kitenge ili niiname. Kapita alitoka kama samaki anayeteleza mkononi.

Hakubweka. Alienda moja kwa moja, mkia unacheza, kama mtu anayeenda kwa rafiki yake wa kila siku, akaingiza kichwa mfukoni akavuta. Kilitoka kifurushi cha karatasi ya mfuko wa simenti, ile inayofungiwa michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, yenye madoa ya mafuta. Alphonse alikuwa ameinunua asubuhi mapema, kwa kuwa mchoma mbuzi naye alikuwa mkristo na siku hiyo angefunga kibanda saa sita. Alijaribu kumsukuma kwa kiwiko, lakini mwenye msalaba begani hana mikono. Karatasi ikapasuka. Nyama zikatawanyika vumbini katikati ya kituo cha tatu, Kapita akaanza kula taratibu, na katekista, ambaye macho yake yalikuwa kwenye kitabu, akaendelea kusoma peke yake, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaitikia.

Nyumbani kukawa na baraza. Tantine alisema mbwa aende, ametuaibisha. Alphonse alisema mbwa aende, ana shetani. Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kila jioni, akitoka kwa mchoma mbuzi na si kanisani, alikuwa anampa Kapita mafuta na mifupa ili asimlilie mlangoni akamtoa siri. Baba alisikiliza wote akiwa ameshika magoti yangu, anayatazama. Alisema, "Nilitaka mbwa ya kukamata mwizi. Hii imekamata wa mu nyumba. Wa inje ndiyo itabashindwa? Ibakie."

Alibaki miaka tisa. Siku ya Pasaka Tantine Adèle alipakua kuku, mimi akanipa shingo kama kawaida, kisha akachagua kipande cha paja, akakitupa mlangoni kwa Kapita, akasema, "Nisamehe, baba." Mimi hakuniomba msamaha hata siku moja, mpaka tukamzika Tantine. Na Alphonse mpaka leo, mzee wa nywele nyeupe, anawaambia watu kwamba mbwa wetu alikuwa na akili namna ile kwa sababu ya pilipili.

Siku hizi mambo yana utaratibu. Binti yangu Nadine anaishi Golf, katika mitaa ileile ambako Papa Donatien alikuwa anapika, isipokuwa yeye ameingia kwa lango la mbele. Juzijuzi wamenunua mbwa mdogo. Chakula chake kinatoka ndani ya gunia lenye maandishi ya kila lugha, punje kavu wanazoita croquettes, na kikombe cha kupimia, na daktari wa wanyama ameandika kwenye karatasi asubuhi kiasi gani na jioni kiasi gani. Hakuna anayepiga magoti. Lakini Nadine alinipigia simu, sauti imewekwa wazi wote wasikie, akilalamika kwamba mbwa anakataa croquettes, na bado ananenepa, na daktari anamlaumu yeye. Wajukuu wakaapa si wao. Mfanyakazi akaapa. Fabrice, mume wa Nadine, akaeleza kwa Kifaransa kizuri kwamba ni suala la jamii ya mbwa.

Nikamwambia Nadine aachane na gunia. Aende kwanza atazame nani kati yao mbwa anamkimbilia akirudi jioni, halafu anuse mifuko ya koti lake.

Wa kwanza kusikika kwenye simu alikuwa mkwe wangu Fabrice, anakohoa.