Siku Koko Alipotapika

Nilipokuwa mtoto, kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, hakuna msichana aliyekubali kumshikia kamba ya kuruka mjukuu wa mlozi. Mjukuu mwenyewe ni mimi.

Koko, ndivyo tulivyomwita mama yake baba, alikuwa amempa mtoto wa jirani yetu Mama Sifa muhindi wa kuchoma. Jioni ile mtoto akaanza kuharisha maji matupu, na kesho yake wakamzika. Ilikuwa kolera. Watoto wengine wa kartie, mtaa wetu, walikufa vilevile, na hao hawakuwa wameonja muhindi wa mtu, lakini nani alitaka kusikia? Kwenye robine, bomba la maji la mtaa, bamama walivuta bido zao za maji kando Koko alipofika. Mimi nikitoka shule nilipita njia ya nyuma, nisionekane naye.

Kisha wakaja watu wa chanjo. Haikuwa ya sindano. Ilikuwa ya kunywa, kichupa kidogo, unakimaliza mbele ya infirmie, muuguzi wao, huku watu wamesimama wanakutazama. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa wazee wetu wa zamani, dawa ya kunywa mbele ya watu ilikuwa moja tu, mwavi. Anayeshukiwa ulozi ananyweshwa. Akitapika, ni mtu safi. Ikibaki tumboni, imemkamata. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuona mwavi kwa macho, lakini kila mtu aliujua. Wengi wakajifungia nyumbani, maana nani atakubali kupimwa ulozi mchana kweupe?

Koko yeye alioga, akavaa kitenge chake cha kanisani.

"Mi naenda," alimwambia baba. "Banione bote."

"Mama, ile ni vaksen ya kolera tu."

"We ndiye unasema ni vaksen. Bao banasema nini?"

Baba akaenda kuvaa viatu. Naye alikuwa kanisani Jumapili iliyotangulia, watu wa chanjo walipotangaza kwamba dawa lazima ibaki tumboni.

Tulimsindikiza sote. Koko akapokea kichupa, akakinywa chote, akageuka kumtafuta Mama Sifa katikati ya watu. Alipomwona, akaingiza kidole kooni. Alitapika palepale mchangani, mpaka machozi yakamtoka. Kidole kila mtu alikiona, hakuna aliyekijali.

Wee! Vigelegele vilivyopigwa siku ile! Mama yangu ndiye aliyeanza. "Iko safi!" watu wakapiga kelele. "Ule mama iko safi!" Mama Sifa akaja mwenyewe, akamshika Koko mkono. Mimi nilirukaruka kwa furaha.

Infirmie, dada mdogo tu, ndiye peke yake ambaye hakucheka. "Koko, dawa imetoka yote. Kunywa ingine, tafazali."

Koko alimtazama utadhani ametukanwa. "Nirudilie? Ya pili ikibakia ndani, mutasema nini?"

Yule dada akamgeukia baba. "Papa, umuambie mama yako. Kolera itamupata."

Watu wote wakamtazama baba. Akaniachia mkono, akamshika Koko bega.

"Umuache," alisema. "Imetosha."

Wiki ile nilishikiwa kamba mpaka miguu ikaniuma. Koko alipanga foleni kwenye robine na wenzake, akitaniwa naye akitania, na jioni alirudi akiimba. Ilikuwa furaha ya kweli, siwezi kuikana.

Mvua zilipoanza, robine ikaharibika, watu wakarudi kuchota ziwani, na kolera nayo ikarudi. Koko aliamka nayo. Kabla ya jua kutua alikuwa amekwisha, macho yamezama, ngozi imekunjamana, hata serumu, yale maji ya dripu, hawakupata mshipa wa kuitia. Sijui kama kichupa kile kingemwokoa. Wanaojua wanasema chanjo hiyo hupunguza hatari, haiimalizi. Lakini hata hako kanafasi tulimnyima.

Sasa mimi ni mtu mzima, na Koko simwonei aibu hata kidogo. Alikuwa amebanwa ukutani, akatoka kwa mlango aliouona. Aibu yangu ni juu yetu sisi, watu wa nyumba yake. Tulimpenda, Mungu anajua, lakini siku ile tuliyataka matapishi yake kuliko tulivyomtaka yeye. Baba amezeeka na aibu hiyo. Watu wa chanjo wakipita siku hizi, yeye hunywa wa kwanza, kisha husimama pale amefunga mdomo mpaka mtu wa mwisho amalize. Hamwambii mtu kwa nini, nasi hatumwulizi.

Ninachokikumbuka zaidi ni matanga. Mama Sifa alikuja, akaketi mkekani, akalia kilio cha kweli, cha mtu aliyefiwa na ndugu yake.

"Hakukuwa mulozi," alimwambia baba. "Alitapika. Bote tuliona."

Na baba, kaburi la mama yake likiwa bado bichi, akainamisha kichwa, akamwambia asante.