Nilimwekea Mama Mkwe Sahani ya Spageti Mkononi

Kosa ni langu, na naliandika hapa kwa sababu nimechoka kusikia watu wakinitafutia visingizio. Rafiki zangu wanasema wale wanawake walizidisha. Jirani ananiambia ni mambo ya zamani, yatapita. Hapana. Niliyeharibu ni mimi, kwa sufuria ya spageti, Jumapili moja mchana hapa mtaani kwetu Ruashi. Tangu siku ile nina hasira, na sioni mtu mwingine wa kumtupia ila mimi mwenyewe.

Jina langu sitaliandika. Mke wangu nitamwita Mama Dorcas, na hilo nalo si jina lake.

Mimi ni mtu wa kuondoka. Tangu nimalize sekondari sijawahi kutulia nyumbani miaka mitatu mfululizo. Nikiwa mbali nalilia nyumbani, nikirudi nyumbani nalilia nilikotoka. Mara ya mwisho niliaga kwamba nakwenda Ndola miezi mitatu. Nilikaa ng'ambo ya mpaka miaka saba, sehemu kubwa Lusaka, katika jiko la mgahawa wa chakula cha Kiitalia. Nilianza kwa kuosha masufuria, nikaishia kwenye mchuzi. Mpishi wetu mkuu alikuwa mzee wa Livingstone ambaye Italia aliijua kwa picha ya kalenda tu, lakini aliwapikia watu mpaka wakaomba kumwona wampe mkono. Hadi leo nikifumba macho nasikia harufu ya jiko lile.

Katika miaka hiyo saba nilipiga simu nilipojisikia, na mara nyingi sikujisikia. Aliyewalisha watoto wangu watatu ni mama mkwe wangu, anayekaa Naviundu, mtaa wa jirani. Mama Dorcas alikuwa akienda sokoni kuuza unga, na watoto wakitoka shule wanapitia kwa nyanya yao kula. Kila siku.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu. Mama mkwe ni mtu wa upande wa Mokambo. Kwa watu wao, mkwe mwanaume hali mbele ya mama wa mke wake. Hakai naye meza moja, hamtazami usoni, hampi kitu mkononi. Inabaki hivyo mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapopika na kumwingiza. Anakuja na dada zake na sufuria zilizofunikwa. Mkwe anaketi kwenye mkeka, akiwa na njaa. Wanawake wanafunua kifuniko kimoja kimoja na kumtajia: hii bukari, yaani ugali, hii sombe, majani ya muhogo, huyu kuku, ni mzima, tazama hata firigisi yake ipo. Anaonja vyote. Kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba, anaingia, anakula, anasema penye maneno ya ukoo. Asiyeingizwa ni mgeni, hata akizaa watoto kumi.

Mimi sikuwahi kuingizwa. Kila mara walipopanga, nilikuwa njiani kwenda mahali.

Mwezi wa tano tangu nirudi, Mama Dorcas alikuja kutoka Naviundu akitembea haraka kama msichana.

"Mama amekubali," alisema. "Jumapili banakuya na masufuria."

"Nani na nani?"

"Bote. Bamama bakubwa, bamama badogo. Unajua ile inasema nini? Akikuingiza, hakuna muntu atarudilia tena maneno ya ile miaka saba. Inaisha."

Nilielewa. Msidhani sikuelewa. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaanza safari yake.

"Basi na mimi nipike kitu," nilisema. "Chakula chepesi cha Kiitalia. Waone nilichojifunza."

Aliweka kikapu chini. "Ile siku weye ni muntu wa kulishwa. Unakaa kwa mukeka, unafunga kinywa, unakula. Ni ile tu."

"Spageti kidogo, Mama Dorcas. Ya watoto."

"Papa Dorcas, mu miaka saba sikukuombaka kitu. Leo nakuomba kimoja. Usipike."

Nikasema sawa. Na hilo mlijue: nilisema sawa.

Kwa nini nilipika? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu linaniaibisha. Sikutaka kusamehewa nikiwa nimeketi chini. Nilitaka wanikute nimesimama, nimevaa aproni, nina jambo la kuwaonyesha, ili miaka ile saba ionekane kama shule niliyotumwa. Nilitaka waseme, kumbe hakupotea bure. Upumbavu wa mwanaume mzima wa miaka arobaini na zaidi.

Jumapili Mama Dorcas alitoka asubuhi na wale watoto wawili wadogo, kwanza kanisani, kisha Naviundu kuwasindikiza wenye sufuria. Alipopinda kona tu, nikawasha mbabula mbili, majiko yetu ya makala, yaani makaa.

Nitasema ukweli, nilikuwa na furaha. Nilizimwagia nyanya maji ya moto, nikazimenya, nikazivunja kwa mkono. Vitunguu saumu nilivikata vyembamba, nikavitia katika mafuta yasiyo moto sana, maana ukiviunguza mchuzi wote unakuwa mchungu. Nyama ya kusaga niliiviringisha vidonge vidogo. Nilikuwa napiga mluzi. Mwili ulikuwa Ruashi, na vumbi la malori likiingia dirishani, lakini mimi nilikuwa Lusaka kabisa.

Dorcas, binti yangu mkubwa wa miaka ishirini, alitoka chumbani akasimama mlangoni.

"Papa, mama anajua?"

"Anajua."

"Aliniambia leo hakuna kupika kwa nyumba."

"Alibadili shauri. Shika jibini, ukwangue."

Akashika, akakwangua. Nilimdanganya mtoto wangu usoni, naye akanisaidia kuharibu maisha yake mwenyewe bila kujua.

Niliazima meza ya jirani, nikaiunga na yetu uani, nikatandika shuka jeupe juu. Sahani zote upande huu na ule. Kiti cha mama mkwe nilikiweka mwanzo wa meza, changu mwisho, tutazamane kama watu wa kwenye filamu. Mkeka ambao Mama Dorcas alikuwa ameutandaza tangu alfajiri niliukunja, nikausimamisha nyuma ya mlango.

Saa tisa nikasikia nyimbo. Walikuja wanawake sita, kila mmoja na sufuria kichwani iliyofungwa kitambaa safi, na majirani wakawa wametoka kwenye mageti yao kutazama. Mama Dorcas alikuwa katikati, anaimba kuliko wote. Mama mkwe alikuja nyuma yao, bila mzigo, ameinamisha kichwa, kitenge kimemfunika upande mmoja wa uso, kama inavyotakiwa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa mizaha, alibeba kibuyu cha munkoyo, kinywaji cha mahindi.

Wakaniona mlangoni na aproni na mwiko. Wimbo ukakatika.

Mama mkubwa, dada mkubwa wa mama mkwe, ndiye aliyekuwa akiongoza. "Ba mukwe," aliniita kwa heshima, "mukeka iko wapi?"

"Leo hakuna mkeka, mama. Leo ni mezani, sote pamoja. Leo mimi ndiye ninayewalisha."

"Nani alikutuma kulisha bantu?"

Shemeji alijaribu kuniokoa. Sasa najua alikuwa ananiokoa. Alichungulia sufuria yangu akasema, "Shemeji, hii njo nini? Minyoo?" Watoto wakacheka. Akachukua uzi mmoja, akautafuna. "Na haiive. Mu kati iko nguvu."

"Ndivyo inavyoliwa. Waitalia hawaipiki ikalainika."

"Kwabo hakuna makala?"

Hata mama mdogo mmoja alicheka nyuma ya kitenge chake. Ningecheka nao hapo, ningevua aproni, ningeuleta mkeka, ingekuwa hadithi ya kuchekesha mpaka leo. Mama Dorcas alinitazama akasema polepole, "Papa Dorcas. Utoshe hii yote, uiondoe. Tafazali."

Lakini kicheko kile kilikuwa kimeniingia vibaya. Miaka saba ya kazi yangu, wanaiita minyoo. Nikachukua sahani, nikaijaza, vidonge vitatu vya nyama juu, jibini juu yake. Nikapita katikati ya wanawake mpaka kwa mama mkwe. Aligeuka akatazama ukuta. Nikamzunguka. Nikamshika mkono, nikavifungua vidole vyake, nikaweka sahani.

"Onja, mama," nilisema. "Ulilisha watoto wangu, leo nakulisha wewe."

Kichwani mwangu yalikuwa maneno mazuri.

Hakuitupa sahani. Aliinama akaiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Umemushika mukono?" mama mkubwa aliuliza. Neno la ba mukwe alikuwa ameliacha. "Weye, umemushika mukono?"

Hapo nikasema neno ambalo nikilikumbuka najiuma ulimi. Nilisema kwa sauti, na majirani wakasikia: "Miaka saba nimekula chakula hiki. Sikufa kwa kukosa bukari yenu."

Kisha mama mkwe, ambaye katika ndoa yangu yote hakuwahi kusema nami moja kwa moja, akasema akiwa ametazama ukuta.

"Miaka saba, hawa batoto balikuwa bananiuliza, nyanya, papa kule anakula? Nilikuwa najibia, anakula. Nilikuwa nabadanganya, miye nilikuwa naogopa ulikufa na njaa." Akavuta kitenge usoni. "Kumbe ulikulaka muzuri."

Akawaambia dada zake, "Mubebe."

Wakazipandisha sufuria kichwani. Hakuna kifuniko kilichofunuliwa. Sijui hata leo kulikuwa na nini ndani, ila kuku, maana nilisikia harufu yake. Kwao, sufuria zikirudi zimefungwa, mkwe amekataa kuingia, na hazipikwi mara ya pili. Walitoka bila wimbo, wakapita mbele ya mageti yale yale.

Mama Dorcas hakupiga kelele. Alikunja shuka, akairudisha meza ya jirani yeye mwenyewe, akiiburuta. Spageti ilikuwa imeshikana, imekuwa donge moja.

"Ulisema sawa," aliniambia. Hilo tu.

Baada ya wiki mbili alikwenda Naviundu na wadogo, kwa kisingizio kwamba mama hajisikii vizuri. Hakurudi. Dorcas alikaa nami siku tatu zaidi, akakunja nguo zake, akasimama pale pale mlangoni. "Papa, juu ya nini ulinidanganya?" Akabeba nguo zake, akawafuata Naviundu.

Ndiyo maana watu wanaponiambia ni ushenzi wa zamani, natamani kuwafukuza. Yule mama hakunidai maelezo ya miaka saba. Alichotaka ni nikae chini saa moja na kutafuna. Kuna msamaha gani rahisi kuliko huo? Nimepita miji mingi, sijauona.

Mwezi uliopita shemeji alikuja. Hakuleta mzaha wowote.

"Jumamosi bantu banakuya kumuomba Dorcas kwa ndoa," alisema. "Nilisema nikuambie, usisikie kwa barabara."

"Nitavaa suti yangu."

Alitazama viatu vyake. "Shemeji, utakaa wapi? Ile nyumba ya mama hauwezi kuingia. Njo miye nitabapokea."

Nilikwenda hata hivyo, na suti. Nilisimama ng'ambo ya barabara kando ya muuza vocha, kama mtu anayengoja gari. Watu wa kijana walifika na magari mawili, watu wenye adabu, wamevaa vizuri. Hawakuwa na uhakika wa geti. Mzee wao mmoja alivuka barabara akanisalimu.

"Samahani, papa. Nyumba ya kwabo na Dorcas njo hii?"

"Njo hii," nilisema. "Muingie."

Alinishukuru, akaingia, geti likafungwa.

Wewe uliyerudi kutoka mbali na ujuzi wako, nisikie mimi mjinga mwenzako. Nyumbani hakuna aliyekuomba uonyeshe ulichojifunza. Wakija na sufuria zao, vua viatu, keti walipokuwekea mkeka, kula mpaka wakuambie inatosha. Spageti ungeweza kuipika Jumatatu.