Sakafu Kavu ya Mama

Mie masika siyapendi. Wenzangu wakisikia mvua wanashukuru, mie nachoka kabla hata wingu halijafunga. Uchovu huo niliupata Mwananyamala, kwenye nyumba ya mama, mwisho wa mteremko, pale mtaro ulipopita karibu kabisa na baraza letu.

Asiyekulia kwetu huenda hajui kutapisha choo. Vyoo vyetu vilikuwa vya shimo, na shimo likijaa, gari la kunyonya uchafu ulilisubiri mpaka ukasahau kama uliliita. Basi kila shimo lilijengwa na tundu ubavuni, likazibwa kwa tofali. Mvua ikishakolea, mwenye nyumba anatoka na nyundo, anazibua, choo kinatapika mtaroni, maji yanabeba, yeye anarudi zake ndani kunywa chai. Hakuna aliyeona aibu. Ilikuwa kazi ya masika tu, kama kuhamisha kuku.

Wapokeaji tulikuwa sie wa chini. Kila mwaka uchafu wa mtaa mzima ulitupitia sebuleni mpaka chumbani kwa mama. Tukishakausha na kusugua, mama hakulilia godoro wala kabati. Alililia swala. Kwake sakafu ile ilishapata najisi, na roho yake haikutulia tena kuiswalia mpaka masika yaishe. Utamwona mtu mzima, mjane, kajifunga baibui, mkeka kwapani, anapanda mteremko kwenda kuomba pembe ya kuswalia kwa jirani, na nyumba anayo, kajengewa na marehemu baba. Mie nilikuwa naona uchungu jamani, nisikufiche.

Miaka ile Ramadhani ilikuwa imeangukia masika. “Nataka Ramadhani moja tu,” mama alisema. “Nifunge na kuswali ndani kwangu mpaka Idi. Halafu Mungu akinichukua, anichukue.”

Na hali yenyewe ilikuwa inazidi. Enzi za ruksa hizo, kila kitu kimefunguliwa, kila mwenye uani kaongeza vyumba kapangisha, watu wengi, choo kilekile. Mitumba imeingia, makopo na mifuko ya nailoni imeingia, na vyote mwisho wake mtaroni. Bomba lenyewe ukilifungua, linakoroma hewa.

Mama akawaita wanawake wa mtaa barazani kwetu. “Maji ya Mungu tunayakimbiza bondeni,” akawaambia, “kisha tunakaa kumngoja muuza madumu ya maji. Hivi tuna akili kweli sie?”

Wakacheka, lakini maneno yaliwaingia. Tukaanza na mapaa. Tulikunja vipande vya bati tukavining'iniza chini ya paa, tukapanga mapipa, na mdomoni mwa kila pipa tukafunga kanga kuukuu ya kuchujia. Mvua ya kwanza tulikubaliana tuiache ioshe mapaa, ya pili ndiyo tukinge. Halafu ukaja mtaro. Wiki nzima mie niko kiwandani nimesimama, Jumapili nashika beleshi nafukua mifuko ya watu nisiowajua. Wanaume wamekaa kwenye kahawa, wanatutania, “Mameya hao!” Hata nguvu ya kuwajibu sikuwa nayo.

Mwishoni mama alipita nyumba kwa nyumba na karai la saruji, akaziba matundu ya vyoo yote, akianzia na letu. Na kila mwenye nyumba mama alimwapisha kwamba hatatapisha. Mmoja, mwenye vyumba vingi vya kupangisha, alimwuliza, “Bi mkubwa, na kikijaa?”

“Ita gari.”

“Gari lisipokuja?”

“Utasubiri.”

Alivyolisema neno hilo, yule bwana alicheka mwenyewe, akaapa.

Kulikuwa na mwanamke mmoja kijana, mtu wa bara, amehamia bondeni chini yetu na mumewe. Sie tulizoea kujiita wa mwisho, lakini miaka ile watu walianza kujenga hata kule. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, haijapigwa hata plasta. Alikuja kufukua mtaro nasi, mtoto mgongoni, na hakuna aliyemwita. Mama akampenda. Akampa pipa letu moja, akasimamia mwenyewe bati lake likafungwa. Yule binti akawa anamwita bibi, na kila asubuhi alipitia kwetu kumwamkia.

Mvua zikaja na Ramadhani juu yake. Lo! Ungemwona mama siku ile ya kwanza kubwa. Kasimama barazani anautazama mtaro, maji mekundu ya udongo yanapita kwa kasi, udongo mtupu, hata harufu hakuna. Mapipa yamefurika. “Njoo uone,” ananiita, “njoo uone mwanangu!” Sakafu yetu ilikuwa kavu kila pembe. Aliswali leo chumbani, kesho sebuleni, keshokutwa hata ukumbini karibu na mlango wa uani, ilimradi kila mahali pale paguswe na mkeka wake. Nami nilisahau kuchoka kidogo.

Tulipoingia kumi la mwisho la Ramadhani, mvua ikakataa kupumua. Kwetu ni chini, maji yanachimbuka hata ardhini. Alasiri moja nilikuwa mbele nahamishia maji ya pipa kwenye ndoo, nikasikia kishindo uani. Nikakimbia.

Mama alikuwa kafunga kanga kiunoni, kalowa chapachapa, kashika mchi wa kinu kwa mikono miwili, anatwanga ubavu wa shimo la choo. Shimo lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, na uchafu umeshaanza kutambaa kuelekea ukumbini.

“Mama! Unafanya nini?”

“Ninyamazie.”

“Mama, bondeni kuna...”

“Nimekwambia ninyamazie!”

Saruji ikaachia. Choo kikatapika, kikaingia mtaroni, na mtaro wetu, tulivyoufukua ukafukulika, haukukwama popote. Ulipeleka kila kitu chini moja kwa moja. Mama alisimama pale mvuani mpaka shimo likashuka. Kisha akaoga, akatawadha kwa maji ya pipa, akaingia ndani kuswali.

Asubuhi mvua imepumua kidogo, yule binti akaja, kanga imelowa hadi magotini, mtoto mgongoni analia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba.”

“Bibi, watu wa juu wametutapishia. Na kuapa kote kule! Mtoto alikuwa chini anatambaa, kayashika kwa mikono.” Akafuta macho. “Naomba ndoo ya maji nisafishe, pipa langu limeingia uchafu. Halafu wewe wakemee, bibi. Wewe ndiye wanayekusikia.”

Mama alinitazama. Mie nikatazama ndoo.

“Chota, mwanangu,” akasema. “Chota yote.”

Akainuka, akabeba ndoo mwenyewe. Tukawa tunateremka na kupanda watatu, mama na saumu yake, na magoti yake mabovu, anakataa kupokewa. Kule nilishindwa hata kutazama. Godoro la mtoto lilikuwa nje limeegemezwa ukutani. Tulimwaga maji, tukasugua, tukamwaga tena, mpaka kata ikakwaruza chini ya pipa letu la mwisho. Tumbo langu lilikuwa limeshikana na mgongo kwa njaa na kwa kazi, nikawa naomba tu tumalize nikalale.

Adhana ya adhuhuri ikatukuta tumerudi nyumbani. Mama alitawadha kwa maji kidogo yaliyobaki kwenye birika, akaingia chumbani. Nikadhani anaswali. Akatoka na mkeka kwapani.

“Unakwenda wapi tena mama? Hapa si pakavu?”

“Pakavu,” alisema.

Safari hii hakupanda. Aliteremka bondeni, na mie nikamfuata kwa kuogopa ataanguka. Yule binti alikuwa anakamua tambara mlangoni. Mama akasimama mbele yake.

“Watu wa juu hawana kosa, mwanangu. Ni mie. Jana, kwa mkono wangu. Nilitaka kwangu pabaki pasafi.”

Yule binti alimtazama mama, akamtazama mtoto aliyelala juu ya meza, maana ndipo palipobaki pakavu. Mie nilitamani ardhi inimeze.

“Nipe pembe niswali,” mama akasema. “Ukikataa nitarudi.”

Yule binti aliendelea kukamua tambara mpaka lisitoe tone. Kisha akalisogeza karai kwa mguu, nafasi ikapatikana, upana wa mkeka mmoja. Mama aliutandika kwenye saruji iliyolowa, na aliposujudu niliona maji yanapanda kwenye ukindu.

Siku zote zilizobaki aliteremka kuswalia kule, akipanda kulala tu. Kwetu sakafu ilikaa kavu mpaka Idi.