Bomba lililovuja, ukuta wa udongo na mama mkwe wangu

Wakuu, habari za humu ndani.

Juzi ndugu mmoja aliuliza hapa kama bomba la nyumbani likidondosha maji ni lazima aite fundi. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nacheka peke yangu mbele ya simu. Nikaona bora nifungue uzi.

Chumvi sitatia. Mama mkwe wangu, mhusika mkuu, bado yuko hai na wajukuu wanamsomea kila kitu.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, mtaa wa Mulongwe. Kiswahili changu kikiwapiga chenga mnivumilie, na Kifaransa kikidandia njiani mkishushe wenyewe.

Haya yalinikuta miaka ile ya vita, waasi wakiwa wameshika mji. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza kwa operesheni, kwa hiyo walikuwa bado wamelazwa maternite. Mama yake akaja kutoka Bwegera, kule tambarare kwenye mashamba ya mpunga, ili amhudumie.

Alikuwa anampelekea chakula na kurudi, kwa hiyo nyumbani tukabaki wawili. Mimi na mabukwe. Ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwa Kirundi.

Na hapo ndipo pagumu, wakuu. Kwa desturi niliyooa nayo, mkwe na mabukwe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono. Hawatazamani usoni. Akipita upande huu wa parseli, yaani ua wa nyumba, wewe unapita ule. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mke wako.

Sasa mke yuko maternite, neno unalipitisha kwa nani?

Mabukwe alipata dawa. Alikuwa anaongea na mlango.

"Weye mulango, ambia mwenye nyumba bugali iko tayari."

Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, najibu kutoka nje, "Mulango, ambia mama aksanti."

Chekeni tu. Tuliishi hivyo na hatukugombana.

Tatizo lilikuwa bomba. Sisi tunaliita robine. Lilikuwa nje, limesimama kwenye bomba la chuma lililotoka ardhini na kuegemea ukuta wa chumba chetu cha kulala. Lilidondosha mchana kutwa. Ukilikaza linakukejeli, linadondosha zaidi.

Nyumba yenyewe ni ya matofali ya udongo mabichi. Wenye nyumba kama hizo mnajua, maji yakikaa kwenye msingi ukuta unakunywa. Wetu ulikunywa hadi ndani ukafanya doa jeusi na ufa, sawasawa na pale tulipopanga kuweka kitanda cha mtoto.

Mafundi wote niliowajua walikuwa wameshavuka mpaka. Majirani pia wengi walikuwa wameondoka.

Asubuhi moja nasikia mabukwe anaongea na mlango, na sauti siyo ya bugali.

"Mulango, sikia muzuri. Huu ukuta unaoza. Mutoto wangu na kale katoto habataingia humu. Bakitoka maternite, minye nitabapeleka Bwegera."



Barabara ya kwenda Bwegera siku hizo ilikuwa na vizuizi vya wenye bunduki. Watu walikuwa wanashushwa kwenye magari, na wengine hatukuwaona tena. Mke mwenye mshono mbichi, na mtoto ambaye hata shingo haijakaza, wapite pale? Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa milio ya risasi.

Lakini kuhusu ukuta, mama alikuwa na haki. Ningembishia nini? Na ningembishia kupitia mlango upi?

Nikaazima kle kwa mzee wa jirani, ile spana ya kufungulia mabomba. Akaniambia kinachokufa ni kampira kadogo ndani ya kichwa cha robine. Kata kengine kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, weka, funga, basi. Maelezo matamu, utafikiri anafundisha kumenya ndizi.

Kulikuwa na jambo moja tu. Parseli yetu haikuwa na vanne ya kufungia maji. Ilikuwa lazima nisubiri maji ya mji yakatike.

Na Uvira maji yanakatika kila siku! Tunalalamika, tunatukana, tunapanga mabidoni, madumu ya maji, foleni. Lakini siku ile niliyokaa kwenye kigoda na kle mkononi, maji yalitoka kama tuko Ulaya. Nilikuwa mtu wa kwanza Mulongwe kumwomba Mungu akate maji.

Jua lilipopita utosini, yakakatika. Nikaruka. Nikafungua kichwa, nikatoa kampira kalikochakaa, nikaanza kukata kapya.

Nakata, narekebisha, naona raha, najiita fundi.

Maji yakarudi.

Siyo kwa upole. Yaliruka kutoka tundu la kichwa moja kwa moja hadi ukutani, pale pale kwenye ufa. Udongo ukaanza kumeguka, naona kwa macho yangu. Nikaziba kwa kiganja, maji yakanipiga machoni. Nikajaribu kurudisha kichwa kwa mkono mmoja, na lile bomba la chuma likawa linazunguka pamoja na kle. Likikatika chini ardhini, basi, nyumba kwaheri.

Nikapiga kelele bila kufikiri mlango wala dirisha.

"Mabukwe! Njoo! Njoo unisaidie!"

Alitoka mbio, kitenge amekifunga kiunoni. Akasimama kidogo, akaniangalia, akaangalia ukuta. Nikajua anapima desturi upande mmoja na nyumba upande mwingine.

"Yezu Mariya! Weye funga kichwa, minye nashika muchuma!"

Akapiga magoti kwenye tope, akalikumbatia lile bomba kwa mikono miwili. Mikono yangu ikawa juu ya yake, hapakuwa na nafasi nyingine. Nikabandika kampira, nikasukuma kichwa ndani ya yale maji, nikazungusha. Yeye anavuta huku, mimi nakaza kule. Tumelowa wote chapachapa.

Maji yakapungua. Yakawa uzi. Yakawa matone. Yakaacha.

Tukabaki tunaangalia mdomo wa robine. Kisha mabukwe akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini.

"Mukwe wangu, kumbe uko na nguvu hivi! Na siku zote unanikimbia kama muizi!"

Nami nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu mke aingie maternite.

Siku zilizofuata tulibandua udongo uliooza, mabukwe akakanda mwingine na majani makavu, mimi nikakandika. Tukawasha mbabula, jiko la makaa, ndani ya chumba ili ukuta ukauke. Robine haikudondosha. Kila nikiamka nilikwenda kuigusa kwa kidole.

Siku ya kuruhusiwa tukaenda wote maternite. Mimi nikasimama nje ya mlango wa wodi kwa adabu, nikamsikia mke wangu akiuliza kwa sauti ya uoga.

"Mama, tunaenda Bwegera leo?"

"Bwegera kufanya nini? Nyumba yenu iko. Ukuta nimeutengeneza na mukwe wangu."

"Na nani?"

Mabukwe alimbeba mjukuu, akatoka hadi nilipo, akanitazama usoni, akaniwekea mtoto mikononi. Kutoka mikono yake kwenda yangu.

"Shika. Mupeleke kwako."

Nililia pale koridoni, wakuu, na sioni haya kuandika.

Nilichojifunza: adabu ni nzuri na hadi leo tunaitunza, sili naye sahani moja. Lakini kumheshimu mtu hakukuzuii kumwita moja kwa moja unapozidiwa. Na wewe ndugu uliyeuliza, bomba utaliweza mwenyewe, ila tafuta vanne kwanza, na usifanye ukiwa peke yako.

Karibuni mchangie. Mafundi nikosoeni kuhusu mpira wa baiskeli. Na mnaoishi na wakwe, ninyi ukimya mliuvunja vipi?