X Nyekundu ya Ukuta wa Bibi

Juzi asubuhi nilikuwa namfunga binti yangu kamba za viatu aende shule, akaniuliza, "Mama, jirani kakosa nini?"

Nikainua macho. Kwenye ukuta wa jirani, upande wa njia, kulikuwa na X kubwa nyekundu, rangi bado inachuruzika. Binti yangu yuko darasa la kwanza, na kwake X nyekundu ni ile ya mwalimu kwenye daftari. Mie naijua ile nyingine, ya nyumba inayotakiwa kuvunjwa ili barabara ipite. Tunakaa Madale, nyumba ni yangu, nimeijenga tofali kwa tofali, na wachoraji wa hizo X walikuwa wameishia kwa jirani. Kwetu bado. Lakini hofu iliyonishika naifahamu tangu utotoni, Gongo la Mboto, kwa Bibi.

Bibi ndiye aliyenilea. Alikuja mjini na babu kutoka Kusini, wakajenga karibu na barabara, na babu alipofariki akabaki na nyumba ile na mimi. Kwenye kibaraza cha mbele aliuza vitumbua. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki kwenye mafuta ya moto, naona moshi wa jiko lake na upawa wake mweusi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, na siku walipokuja wale vijana nilikuwa nimechuchumaa kwenye beseni, mikono imejaa povu. Mmoja alibeba ndoo ya rangi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni vitumbua."

"Asante, bibi. Sie tunapima tu."

Wakavuta futi yao kutoka barabarani mpaka kibarazani, wakanong'onezana, kisha yule wa ndoo akachora X kando ya mlango, akaaga kwa adabu zote. Bibi hakuwahi kuisahau ile adabu. Kila mgeni alihadithiwa: "Kanipa shikamoo, nami nikamwitikia, halafu kanichora!" Ilimuuma kuliko rangi yenyewe.

Mimi, rafiki yangu, nilidhani nyumba yetu imekosa hesabu. Shuleni ukichorwa X unafanya masahihisho, basi nikayafanya. Nilifagia kibaraza asubuhi na jioni, nikasugua ukuta kwa maji ya sabuni, nikingoja wale vijana warudi watuwekee alama ya vema. Darasani kulikuwa na chati ya herufi za Kiswahili, nikaipitia yote kwa kidole, X sikuiona. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Herufi ambayo hata kwenye chati haipo, nani kaituma kwetu?

Bibi naye alianza kufunga mizigo. Alitandaza kanga sakafuni, akapanga nguo, sufuria, picha ya babu, na vile vikombe vyake vya kauri vyenye maua ya buluu ambavyo babu alimnunulia, akafunga mafundo. Tukawa tunaishi kwenye mafurushi. Ukitaka shati unafungua, ukishalitoa unafunga. Bati lilitoboka juu ya kitanda chetu, fundi akaitwa, Bibi akamrudisha mlangoni. "Nibadilishe bati la nyumba ya kubomolewa?" Tukaweka bakuli la kukingia. Chai tulinywea vikombe vya plastiki, kwa kuwa vile vizuri vilikuwa safarini.

Na masikio! Gari la taka likinguruma, Bibi anazima redio. Lori la mchanga likipita, tonge linabaki mkononi mpaka lipotelee mbali. Jirani yetu mchonga vinyago alimwonea huruma, akaja na kopo la chokaa.

"Bi mkubwa, niache niipake, ifutike kabisa."

"Weee! Ukifuta ndo utawakumbusha."

Hivyo X ikabaki, ikapauka kwa jua na mvua, na watu wakaanza kutuelekezea wageni kwayo: ukiiona nyumba ya eksi, hapo hapo.

Kisha asubuhi moja greda likaja kweli. La njano, vumbi mpaka juu ya mapaa. Bibi aliacha vitumbua motoni akapiga kelele, "Toeni mafurushi!" Mchonga vinyago akabeba sufuria, wanawake wa jirani wakabeba nguo, mimi nikapewa vikombe. Nilivikumbatia kifuani nikikimbia nje, na vilikuwa vinagongana ndani ya kanga vikilia ti-ti-ti. Greda likasimama mbele ya mlango. Dereva akashuka, akajinyoosha mgongo, akasema, "Shikamoo, bibi. Vitumbua vipo?"

Alikuwa anakwenda kusawazisha kiwanja cha mpira. Alikula vitano, vingine vimeungua, akiwa amekaa katikati ya mizigo yetu. Akatutazama mmoja mmoja akauliza, "Kwani bibi, mnahama?" Bibi akamsogezea sahani. Akammiminia na chai, kwenye kikombe cha plastiki.

Lilipoondoka tulicheka mpaka machozi. Jioni tukarudisha kila kitu ndani, na Bibi akakaza mafundo upya.

Alifariki nikiwa nimeshaanza kazi. Barabara ilikuwa haijapita, na upande ule haijapita mpaka leo. Kwenye msiba wanawake walitafuta vyombo vya wageni, wakafungua lile furushi. Vikombe vilikuwa vipya, karatasi ya dukani bado imenata chini yake. Jeneza lilipotoka nilijikaza, ila vile vikombe viliniliza kama mtoto. Bibi wangu alikaa nyumbani kwake miaka yote ile kama mtu anayesubiri gari. Nilimkasirikia yule mwenye ndoo, na bado nina hasira naye.

Nyumba iliuzwa, aliyenunua akaivunja mwenyewe akajenga fremu za maduka. Palipokuwa na jiko la vitumbua sasa wanauza kava za simu. Nilipita pale nikasimama kidogo, muuzaji akaniuliza nataka ya simu gani.

Leo ni Jumamosi. Nimeamka mapema, na kabla sijajua ninachofanya nimeshatandaza kanga sakafuni, napanga vikombe vya Bibi, nilivyobaki navyo tangu msiba, kimoja kimoja. Binti yangu akatoka chumbani anajifikicha macho, akasimama akanitazama.

"Mama, tunahama?"

Swali lile lile la dereva wa greda. Hawa watu wanaweza kurudi Jumatatu na ndoo yao, na ninaogopa, sikufichi. Nikaikunja kanga. Nikachukua vikombe viwili, nikabandua karatasi zile kwa ukucha, nikavisuuza, nikamimina chai. Nilipovibeba kwenda mezani vikagongana, ti-ti-ti. Huko bondeni kuna gari zito linapanda kilima, sijui linakwenda kwa nani. Nimemwambia binti yangu anywe, chai isije ikapoa.