Leo Tumemwona Luhende Kwenye Sinema

Jamani, leo nimelia kazini, mbele za watu.

Nabandika hapa kwenye ubao wa kantini kabla sijaghairi.

Mchana nyapara katukusanya stoo, madirisha kayaziba kwa magunia.
Kumbe ni sinema yetu wenyewe, tuliyopigwa mwaka jana tukisukuma matoroli ya mawe!

"Tazameni kasi yenu ya zamani," akasema. "Naitaka tena."

Tukacheka, tukaoneshana vidole.

Mara akatokea Luhende, mwimbishaji wetu, yule aliyekufa kwa kufukiwa na kifusi humu mgodini mwezi uliopita.
Mdomo wazi, anaimba, nasi nyuma yake tunakimbia na mawe kama si mazito.

Mama yake, anayetuuzia uji getini, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mbona simsikii?"

Filamu ile haina sauti. Nani angemwambia?

"Mwanangu," akamwambia mwendesha sinema, "zima hiyo mashine inayonguruma, nimsikie."

Yeye, mgeni aliyeletwa kutoka Shinyanga, akaizima.

Luhende akatoweka.
Mama akabaki anautazama ukuta.

Nyapara anaitaka kasi ile kesho asubuhi.
Anayeweza kuanzisha wimbo wa Luhende aandike jina lake hapa chini.

Mimi nimejaribu njiani. Nimeshindwa.