Wifi na Donge la Kusafishia Saa

Mimi nilisoma hadi darasa la saba, na nililoliona kwa macho silisahau. Kwa hiyo haya ya wifi yangu msiniulize niliyapata wapi. Nilikuwa nimekaa palepale, kwenye kiti cha wateja.

Wifi, dada wa marehemu mume wangu, ni fundi saa. Kibanda chake ni chembamba, ukinyoosha mikono umegusa kuta zote mbili. Akishavaa lenzi jichoni, hata kupiga chafya unaomba ruhusa.

Siku hiyo mkunga aliyenizalisha wanangu wote alileta saa yake ya mkono. Kwenda ilikuwa inakwenda. Kilichomkosesha usingizi ni uso wa saa hiyo. Mumewe alikuwa mchoraji wa mabango, na walipooana alimchorea pale ua jekundu, dogo mno. Sasa mume hayupo, na mafuta yaliyovuja ndani ya saa yalikuwa yametambaa na vumbi mpaka yakalishika ua. Fundi mmoja alishamwambia abadilishe uso mzima. Mkunga akamjibu kwamba heri saa ife na ua lake.

Kitambaa kingefuta uchafu na ua pamoja. Mafundi saa wana donge lao, laini kama unga uliokandwa. Unaligusisha kwenye uchafu, ukiliinua linaondoka nao. Ila madonge hayafanani. Wifi alikuwa na la kijani, la siku nyingi, na la buluu ambalo muuza vipuri, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa ndiyo kwanza analitoa mfukoni, huku akilisifu.

"Shangazi, hili linanata kama mkwe aliyekuja kusalimia."

"Mkwe wa hivyo humwingizi chumbani," wifi akamjibu.

Akayabandika yote mawili kwenye kioo kitupu, akayabandua, akakipulizia kioo pumzi. Palipokuwa na la kijani pakabaki doa la mafuta. Pa buluu pakawa safi. Nikasema basi, kazi imekwisha.

"Ngoja, wifi," akanizuia.

Akaligusisha lile la buluu kwenye uso wa saa nyingine, chakavu. Tarakimu ikang'oka nzima, ikakaa juu ya donge kama imechorwa hapo. Mkunga akashika ukingo wa meza.

Moja linaacha mafuta, jingine linang'oa rangi. Wifi akavaa vipira vya vidole, akamega la buluu kama punje ya mchele, akalifunga kwenye nailoni na kuliegemeza ubavuni mwa mtungi wa maji. Alisema joto la mfukoni ndilo lililolitia wazimu. Lilipopoa akalijaribu tena kwenye ile saa chakavu. Likachukua vumbi, likaiacha rangi.

Ndipo akaligeukia ua. Hakusugua hata kidogo. Aligusa, akainua, akakunja donge upande safi, akagusa tena. Muuza vipuri naye akainama kutazama. Ule weusi ulikuwa ukirudi nyuma taratibu, na wekundu ukibaki mahali pake.

Mkunga alipopewa lenzi alikaa nayo muda mrefu.

"Lina jani," akasema polepole. "Jani lake nilikuwa nimelisahau."

Nikaomba lenzi na mimi. Jani lilikuwa dogo kuliko kichwa cha sisimizi, na katikati yake kuna mshipa, mtu aliuchora kwa mkono wake. Nikaitazama mikono ya wifi, ile ile inayonisuka nywele kila wiki, nikashindwa kusema kitu. Wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.